Pingamizi Dhidi ya Mgeni Anayepima Kila Kitu

Uchochoro wa Mitende Miwili,
Jurunas, Belém.
Jumanne, mwezi wa tatu, kabla ya mvua.

Kwa Bibi Afisa wa Uhamiaji,
Dirisha la Nne.

YAH: KUMNYIMA KIBALI CHA KUKAA BWANA BOHUMIL, AMBAYE MIMI NDIYE SHAHIDI WAKE

Bibi Afisa mwenye heshima zako,

Nimepokea karatasi yenu inayouliza kama ninamfahamu mwombaji, na kama ameyazoea maisha ya mji wetu. Mmefanya vyema kuniuliza mimi. Naitwa Orivaldo Tavares, lakini uchochoro mzima unaniita Mjomba, hata wazee walionizidi miaka. Shule nilifika darasa la tano, na hilo la tano nililisoma mara tatu, kwa hiyo kwa hesabu ya haki niliishia la saba. Tangu nipate akili hakuna mgeni aliyekanyaga Jurunas bila kupita mikononi mwangu. Niliwahi kumfundisha Mjapani mmoja dansi yetu kwa dakika kumi na tano, na nasikia huko kwao leo ni profesa wa kiuno.

Huyu Bohumil ni Mcheki. Aliletwa miaka mitatu iliyopita kutengeneza kinanda kikubwa cha kanisa letu. Akakitengeneza kwa miezi miwili, kisha badala ya kurudi kwao akapanga chumba cha nyuma nyumbani kwa dada yangu Iracilda, ambako nami ninaishi kama mlinzi wa familia. Ni mtu mpole, hagombani na mtu, na kinanda kinaimba hadi njiwa wamehama mnarani. Pamoja na hayo yote, naomba anyimwe kibali. Sababu nimezipanga kwa namba, kama mnavyopenda huko maofisini.

1. Anafika. Wiki yake ya kwanza nilimwambia, "Jumapili njoo ule nasi, saa sita mchana." Bibi Afisa, akaja saa sita mchana! Kamili, na maua mkononi. Samaki alikuwa bado sokoni. Dada yangu alikuwa na vibanio kichwani na taulo kifuani, na alipoona mtu mlangoni saa ile ile aliyoitwa, akapiga ukelele, "Oriva! Nani kafa?" Maana kwetu habari ya msiba peke yake ndiyo hufika kwa wakati. Mgeni akakaa saa mbili na nusu na maua yake magotini, sisi tumejificha jikoni tunasukumana.

"Nenda wewe ukaongee naye."

"Si wewe uliyemwita?"

"Nilimwita, sikusema aje!"

2. Asai, uji wetu mzito wa matunda ya mtende. Najua wewe umehamishiwa hapa kutoka São Paulo, ambako asai mnaitia ndizi na asali mkaigandisha kama barafu, kwa hiyo namba hii isome haraka upite. Bakuli lake la kwanza Bohumil alilitia sukari, mbele ya Mama Neném anayetuuzia. Mama wa watu alishika ukingo wa meza asianguke. Nikasema basi, huyu ataondoka mwenyewe kwa aibu. Wapi! Mwaka haukuisha akawa anaila na samaki wa kukaanga na unga wa muhogo kama aliyezaliwa nayo, na siku hizi akionja hutikisa kichwa: "Ya leo nyepesi, Mama Neném." Mimi nikisema nyepesi naambiwa, "Nenda kakamue mwenyewe, mvivu wewe." Yeye anaombwa radhi na kuongezewa.

3. Mvua. Hapa kwetu miadi yote ni kabla ya mvua au baada ya mvua, hilo hata wewe umeshalizoea. Na kwa miaka ishirini na miwili uchochoro huu umepanga mambo yake kwa goti langu la kushoto. Watu walikuwa wananiita dirishani: "Mjomba, leo saa ngapi?" Nalipapasa, nanusa upepo, nawaambia. Harusi tatu zimepangwa kwa goti hili, na ni moja tu iliyolowa, nayo bibi harusi alichelewa. Sasa Mcheki amenunua daftari. Kila siku anaandika tone la kwanza saa ngapi na la mwisho saa ngapi, na juzi kanitangazia kwamba wastani ni saa nane na dakika arobaini. Nikamwambia, "Kijana, mvua haina wastani, mvua ina hiari." Akaandika na hilo. Kibaya ni kwamba watu wamehamia kwake. Goti langu limestaafishwa bila hata sherehe ya kuagwa.

4. Anasema "sijui." Mwezi uliopita mama mmoja mwenye mizigo alipotea, akamuuliza njia ya kwenda zahanati. Bohumil akamtazama usoni akamwambia, "Sijui." Mchana kweupe! Mama yule alibaki mdomo wazi, kama aliyetukanwa. Bibi Afisa, hapa mtu akikuuliza njia unampa njia. Kama unaijua, vizuri. Kama huijui, unampa nyingine. Mtu aliyepotea anataka moyo, barabara ataipata mbele ya safari. Nilimkimbilia mimi, nikamwelekeza kwa ukarimu wote, kona sita na daraja moja, akaenda anatabasamu. Kwamba alitokea bandarini ni jambo jingine.

5. Nimeifuta. Dada yangu ameisoma na kusema yanayomhusu yeye atayaandika mwenyewe.

6. Hapa ndipo penye jeraha, na naomba uvae miwani.

Mwaka wa mafuriko makubwa, kwenye mfereji mmoja nyuma ya kisiwa cha Combu, nilipambana na chatu wa majini mwenye urefu wa mita tisa. Alinishika goti hili hili. Tulishikana tangu Jumamosi asubuhi, na kengele ya misa ya Jumapili ndiyo iliyotuamua, kwa sababu yeye alishtuka na mimi nimezoea. Nikammaliza kwa kasia. Kisa hiki nimekisimulia kwenye misiba, kwenye ubatizo, na kwenye foleni ya ofisi yenu, na hakuna aliyewahi kuondoka katikati. Sina nyumba, sina mke, sina pensheni ya maana. Nina chatu.

Bohumil alikisikiliza mara ya kwanza amekunja mikono. Nilipomaliza, watu wakishusha pumzi, akauliza, "Mjomba, ulimpimaje?"

Nikamjibu, "Kwa mikono. Pima tano na ushei."

Akatoa futi kamba mfukoni! Akaninyoosha mikono mbele za watu kama fundi cherehani, akapima toka kidole hadi kidole, akapiga hesabu. "Pima yako ni mita moja na sentimita sitini na nane. Basi chatu alikuwa mita nane na sentimita arobaini, na ushei."

Hilo ningelimeza. Lakini nilikuwa nimemtaja shahidi, Mzee Damasceno wa Combu, kwa kuwa niliamini kashakufa. Hakufa. Jumamosi iliyofuata Bohumil akapanda mashua, akavuka mto, akamkuta mzee anasuka dema. Akarudi mchana, akaja moja kwa moja hadi kwenye viti vyetu pale nje, na kwa uso ule ule wa kupima kinanda akasema, "Mjomba, Mzee Damasceno anakusalimu sana. Anasema chatu alikuwa wa mita mbili na nusu, tena mgonjwa."

Dada yangu alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo siitwi Mjomba tena. Naitwa Mita Mbili na Nusu. Nikipita kwa Mama Neném: "Karibu, Mita Mbili na Nusu, leo nikupe bakuli la kipimo gani?" Nikianza kisa chochote, hata cha jino langu kung'olewa, kuna mmoja atasema, "Subirini aje Bohumil na futi." Jina nililolijenga miaka thelathini limeangushwa na kipande cha kamba.

Sasa naomba tufikiri pamoja, kama watu wawili waliosoma. Mgeni mmoja akifika kwa wakati, majirani wataanza kufika kwa wakati. Wakifika kwa wakati hawatakuwa na la kujitetea, na asiye na la kujitetea hana la kusimulia. Visa vikishapimwa vitakwisha kwa dakika mbili. Viti vitarudishwa ndani, milango itafungwa, watu wataanza kusikilizana wenyewe kwa wenyewe majumbani, na ndoa hazitahimili. Mji bila ndoa hauna watoto, na nchi bila watoto ataijaza nani? Ni hao hao Wacheki. Kwa hiyo hili si ugomvi wangu na mpangaji. Ni ulinzi wa taifa.

Ninaomba, basi, anyimwe kibali; au ahamishiwe kusini, ambako nasikia saa zinaheshimiwa; au, kama sheria inawabana, apewe mtihani. Mumuulize njia ya mahali pasipokuwapo. Akisema "sijui," mfungieni dirisha.

Nitashukuru ukinisalimia wote hapo ofisini, yule mlinzi mwenye masharubu niliyemsimulia nusu ya kisa cha chatu kabla hajaitwa, na mama anayepitisha kahawa. Mwambie kahawa yake inaamsha.

Ni mimi wako katika ukweli mtupu,
Orivaldo Tavares (Mjomba)
Shahidi Namba Moja

Tanbihi: Barua hii nilikuwa nimeifunga. Nimeifungua kwa mvuke wa sufuria kwa sababu ya jambo la leo, baada ya mvua.

Tulikuwa nje kwenye viti. Mama Neném ana shemeji yake aliyekuja kutoka Santarém, Gessivaldo, mtu wa kifua mbele. Akaanza kujigamba kwamba babu yake aliua chatu wa mita saba. Uchochoro mzima ukanigeukia. "Mjibu, Mita Mbili na Nusu!" Wakacheka hata wale niliowabeba siku ya ubatizo wao. Hata dada yangu alicheka kidogo. Nilitazama kandambili zangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikashika kiti changu nikirudishe ndani.

Bohumil akaweka bakuli lake chini. Akasema, "Ngozi ya chatu wa Mjomba nimeipima mimi."

Mjini hapa kila mtu anajua kwamba mtu huyo hawezi kusema uongo, hana kiungo hicho.

"Mita kumi na moja na sentimita ishirini," akasema. "Bila mkia. Mkia ulikatika. Mzee Damasceno alinichanganyia na chatu mwingine."

Gessivaldo akacheka kwa pua. "Na hiyo ngozi iko wapi, Mcheki?"

Nilifumba macho. Nikajua sasa atasema sijui.

"Nenda hadi mwisho wa barabara," akasema Bohumil bila kupepesa, "pinda kushoto kwenye duka la kamba, vuka daraja, nyumba ya kijani. Uliza kwa bibi. Ana usikivu mdogo, piga hodi sana."

Duka hilo halipo, na daraja halijawahi kujengwa. Gessivaldo ameondoka hapa kabla ya saa kumi, na ninapoandika bado hajarudi. Mama Neném aliniletea bakuli, akasema, "Pokea, Mjomba," na hakutaja kipimo.

Kwa hiyo mpeni kibali, na mumpe leo. Ningeandika barua mpya, lakini karatasi imekwisha, basi yote ya juu yasome kuanzia chini kwenda juu. Isipokuwa jambo moja tu, na hilo mwambieni mkimwita dirishani, taratibu, asije akadhani ni mimi: mimi miaka yote nimesema mita tisa. Kumi na moja na mkia umekatika! Hata uongo una heshima zake, na mgeni hamzidi mwenyeji.