Jenerali na Ng'ombe wa Mahari ya Mirumbe

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimerudi Ntimaru kutoka Homa Bay na mbwa! Si mbwa hivi hivi. Mweusi, kifua cheupe, macho ya hakimu. Nimepewa bure na Sista Edith, muuguzi. Mzungu wa utafiti wa samaki alimwachia akaenda kwao. Edith alinipa na mahubiri juu yake: kwamba ukoo wa huyu mbwa, tangu babu wa babu, ni wachunga kondoo. Kila kizazi walizalishwa wanaojua kukusanya, wapenda kuuma wakanyimwa majike. Nisimpige, nisimtishe, tabia itaharibika. Nikamwambia dada, mimi nimefanya kazi na mbwa wa polisi Nairobi. (Niliosha sufuria zao. Lakini macho nilikuwa nayo.)

Nimemwita Jenerali. Kazi yake: kulinda ng'ombe watano wa mahari ya mdogo wangu Mirumbe hadi tarehe 26, tutakapowapeleka kwa Mzee Gichana, baba yake Damaris. Mirumbe amewatafuta miaka minne, mmoja mmoja, kama mtu anayeng'olewa meno. Wezi wa mifugo wanajua wapo. Nikamwambia alale, kaka yake yupo.

Jumatano, 7 Agosti

Jenerali hana hasira hata ya kuazima. Amemlamba mkono jirani yangu Stanley Onsongo, mtu mwenye kijibwa koko cha mkia wa panya. Stanley akacheka mpaka akashika ua. Akauliza, huyu ni askari au karani wa mapokezi?

Sawa! Dawa ya wazee naijua. Pilipili kichaa kwenye ugali, na nyigu wa kupondwa. Mbwa akila ukali, anakuwa mkali. Halafu nimemfungia ghalani mchana kutwa, apate chuki na dunia.

Matokeo: amepiga chafya mpaka jioni. Amelia. Mimi pia nimelia, nilishika jicho kabla ya kunawa. Mirumbe akasema, bro, mwache huyo mnyama wa watu. Mirumbe hajui mbwa.

Jumamosi, 10 Agosti

Aibu! Mlango wa ghala ulibaki wazi, na Wasabato walikuwa wanapita kwenda kanisani. Jenerali akatoka, akainamisha kichwa, akawazunguka. Hakubweka. Hakuuma. Anaangalia tu. Akina mama kumi na mmoja pamoja na mzee wa kanisa Ondieki wakaingia zizini kwetu, Biblia mkononi, wakasimama kwenye samadi. Mama Bathsheba akaniambia ameokoka miaka thelathini na hajawahi kuchungwa na mbwa. Nimewafutia viatu vyote mwenyewe, kwa shati langu. Stanley akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ua kwamba sasa nipitishe sadaka kabisa.

Kuna jambo linaniuma lakini. Nikimwita Jenerali, haji. Akiniona anajikunja. Mtu mwingine yeyote akimpigia mluzi wa taratibu, anakimbia kwake kama kwa mamake.

Nimeongeza pilipili.

Jumatatu, 12 Agosti

Sokoni leo Stanley amewasimulia watu habari za samadi. Wamecheka! Nikapanda juu ya gunia la mahindi, nikatangaza: kesho saa nne, anayejiona mwanamume aje ajaribu kutoa ng'ombe zizini kwetu mbele ya Jenerali. Kisha wageni wawili wenye gambuti, watu wa adabu sana, wakaniita "mzee" na kuuliza maswali ya maana. Mbwa anasikia amri gani? Nikawaeleza habari ya mluzi. Je, anamsikia hata asiyemjua? Nikawaambia njooni mwone. Huo ndio usomi!

Mirumbe sijamwambia. Kesho ana palizi shamba la mbali. Atakuta sifa zimeshafika nyumbani.

Jumanne, 13 Agosti

Saa nne uwanja umejaa. Wale wawili wakajitolea kwanza. Zizi nililifungua mimi, mtihani uwe wa haki. Nikapiga kelele: Jenerali, kamata!

Jenerali akanitazama, akajikunja. Yule mrefu akapiga mluzi mwembamba. Masikio yakasimama. Akaenda! Akawazunguka ng'ombe wote watano, huku, kule, chini kwa chini, akawapanga kama askari wa gwaride nyuma ya yule bwana. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo maishani. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Wakapanda kilima, wakashuka upande wa pili. Tukangoja warudi.

Wa kwanza kuacha makofi alikuwa Stanley. Ndiye pia aliyepiga yowe. Tulifuata nyayo mbio, yeye mbele, zikavuka mpaka wa Tanzania, zikaingia katikati ya nyayo za kundi kubwa. Basi.

Saa kumi Jenerali akarudi peke yake. Ulimi nje, mkia unacheza, kama mtu aliyemaliza kazi vizuri. Akaenda kwa Mirumbe, aliyekuwa ameitwa kutoka shambani. Mirumbe akamshika kichwa, akakaa chini. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimempa Mirumbe maksai wangu wawili, wote niliokuwa nao. Nitalima kwa jembe. Alikataa, nikamfungia kamba mkononi.

Mzee Gichana ametuma neno: watano ni watano. Na kuna mwalimu wa Migori ameanza kumuulizia Damaris. Amempa Mirumbe hadi Krismasi. Mirumbe amefunga nguo zake, ameenda kisiwani Takawiri kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwa ujira. Damaris alikuja kumuaga, akanipita kama anayepita nguzo ya ua.

Mirumbe aliniomba kitu kimoja. Kaka, akasema, mambo ya mahari yangu usiyaguse tena. Nikaapa, mkono juu.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimefikiria siku tatu. Kosa si langu, wala si la pilipili. Ni damu! Jenerali ana akili bila meno. Sasa nimesikia huko Ndhiwa kuna jike la mbwa la mfanyabiashara wa nafaka, limeuma watu saba na baiskeli moja. Akili ya baba, meno ya mama! Kesho naenda kuposa.

Na barua nimeshampelekea Mzee Gichana tangu juzi. Nimemweleza vizuri: maksai wawili tunao, na badala ya ng'ombe watatu waliobaki atapokea watoto watatu wa Jenerali, wakishazaliwa.

Hajajibu. Nadhani anashindwa kuamua, madume au majike.