Taarifa ya Miezi Saba Kuhusu Ini la Mwanangu

Wewe, fundi mzima wa kuchomelea vyuma, kifungua mimba wangu, acha kuikumbatia hiyo chupa tupu kama yatima, ukae wima! Tangu asubuhi unazunguka sebule yangu ukilia, "Mama, dawa imekwisha, na kesho karakana inamuaga bosi, kreti za bia zimeshaagizwa. Dawa ikiisha na mimi nimekwisha." Umekwisha wapi, na sahani yako hata paka hakuambulia kitu? Shule niliishia darasa la tatu, lakini nimedeki ukumbi wa mikutano miaka ishirini na miwili, na hotuba zote nimezisikia nyuma ya pazia. Leo zamu yangu. Kaeni!

Mheshimiwa Mkwe wangu, Mlinzi Mkuu wa Funguo za Nyumba, Mheshimiwa Jirani Mshona Nguo, Mjumbe wa Kudumu wa Mambo Yasiyomhusu (Jirani: "Nipo, bibi mwenzangu!"); wajukuu zangu, wadau wa sekta ya kelele; itifaki imezingatiwa, na asiyetajwa ajitaje mwenyewe. (Makofi.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, ambao sina, kuwasilisha taarifa ya utekelezaji wa Programu Shirikishi ya Dawa ya Bibi ya Kukata Pombe, iliyobuniwa na mimi, ikaratibiwa na mimi, ikasimamiwa na mimi na kutathminiwa na mimi, kwa kijiko kimoja cha maji machungu kila alfajiri, ambapo katika kipindi cha miezi saba tumbo la mlengwa limepungua kwa matundu manne ya mkanda, uso uliokuwa umevimba kama mto wa kulalia umerudi kuwa uso, macho yamekumbuka weupe wake, na kukoroma, kero sugu iliyokuwa ikiwaamsha hata wapangaji wa nyumba ya nyuma, kumeshuka kwa asilimia tisini. (Mkwe: "Tisini na tano, Mama! Siku hizi namsogelea kusikiliza kama anapumua." Kicheko.) Takwimu zimepokelewa.

Aidha, nesi wa zahanati, ambaye mara ya kwanza alimpima presha akaita wenzake waje kuona, juzi kasoma karatasi ya kipimo cha ini akauliza, "Baba, hii damu ni yako au umeazima?" Ngazi za karakana, alizokuwa akizipanda kwa vituo vitatu, sasa anazipanda akipiga mluzi. Na mikono! Mikono iliyokuwa ikimwaga chai kabla haijafika mdomoni, leo inapiga mshono wa chuma ulionyooka (Jirani: "Kuliko wangu wa cherehani!") kuliko wako wa cherehani, asante, na ndiyo maana sketi yangu inatazama upande. (Kicheko kirefu. Jirani anakagua dari.)

Mafanikio haya yote, bila kujisifu, ni yangu. (Mwanangu: "Kweli, Mama. Ni dawa yako tu. Mimi peke yangu siwezi.") Mmemsikia? Andikeni hayo, tutayarudia. Katika awamu ya pili, uongozi wangu utajenga kiwanda cha dawa cha ghorofa mbili, pindi wafadhili watakapopatikana na choo chetu kitakapopata mlango. Ini safi! (Nyumba shwari!) Mikono mitulivu! (Chai haimwagiki!)

Kwa kumalizia, namshukuru mtaalamu aliyenipa mizizi, ambaye hayupo. Naishukuru mizizi yenyewe, ambayo haikuchimbwa. Nalishukuru birika langu, maana dawa ile, mwanangu, ilikuwa makapi ya chai ya jana, yaliyochemshwa mpaka yakachukia, na chumvi kidogo. (Mwanangu: "Mama... makapi?") Makapi! Programu haikuwahi kuwepo hata siku moja. Asubuhi mia mbili na zaidi, aliyeamka, akanawa uso, akapita mbele ya baa bila kugeuza shingo, ni wewe. Mimi nilikaa kimya kwa sababu ulikuwa unakiamini kijiko kuliko kichwa chako, nami nikaogopa kukunyang'anya kijiko mapema. Hapo nilikosea, na sitarudia kusema kwamba nilikosea. (Mkwe anajifuta macho.) Futa haraka, mkwe, kikao hakijafungwa.

Sasa maagizo. Kesho utakwenda kumuaga bosi wako, utashika soda, utacheza, utarudi kwa miguu yako miwili. Na leo, kuna lile geti uliloling'oa bawaba mwaka jana kwa kulisukuma na kulitukana, nalo ni la kuvuta. Hujanywa kijiko tangu uamke. Nyoosha mkono tuone. (Mwanangu ananyoosha mkono. Umetulia kama meza.) Basi unangoja nini? Iache hiyo chupa, vaa miwani yako ya kazi, toa mashine nje, ukalichomelee sasa hivi!