Soksi ya Buluu Kwenye Ekzosi

Jumatatu, Julai 7
Sabasaba. Mapumziko. Shemeji Dorcas, dada yake mke wangu Evelina, yuko Sengerema hadi Jumamosi. Gari lake jeupe liko hapa kwetu Kirumba. Aliniachia funguo akaniambia nililinde, nisiliendeshe. Nikilitunza vizuri, nitakuwa dereva wake wa kusambaza mayai. Jirani Obedi naye anaitaka kazi hiyo. Mchongezi yule!

Nimelilinda kwa kuzunguka nalo mji mzima kwa muda wa saa tatu. Gari lisiloendeshwa linaharibika, kila mtu anajua. Narudi, nikamwona Obedi anakuja. Haraka nikalifunika kwa turubai la nailoni, nikalikaza mpaka chini ya bampa ya nyuma, asijue lilitoka. Obedi akasema linafuka moshi. Nikamwambia ni ukungu wa ziwani. Saa nane mchana.

Jumanne, Julai 8
Turubai halitoki. Limeyeyukia kwenye ekzosi. Bomba lote la moshi limevaa soksi ya buluu! Nimevuta. Turubai likachanika, soksi ikabaki. Nikachukua kisu cha Evelina cha samaki, nikakwangua. Soksi haikutikisika. Kisu kimeota meno kama msumeno. Nimekirudisha kabatini. Evelina ameuliza. Nimesema panya.

Jumatano, Julai 9
Akili imenijia! Joto ndilo lililoigandisha, basi joto litaibandua. Nimewasha gari, likaunguruma saa nzima. Plastiki ikalainika kweli. Nikaishika kwa vidole.

Sitaandika nilichosema. Mke wa mchungaji, nyumba ya pili, alifunga dirisha. Obedi akaja mbio na ndoo ya maji animwagie mkononi. Huruma ya kinafiki! Nimemfukuza. Kisha nikachota maji mwenyewe.

Alhamisi, Julai 10
Naandika kwa mkono wa kushoto. Joto limeshindwa, sasa baridi. Nimekwenda sokoni Mwaloni, nikaomba barafu iliyobaki kwenye makasha ya sangara, nikaifunga kwenye ekzosi kwa gunia. Plastiki ikaanza kupasuka! Nikaingia ndani kunywa chai ya ushindi.

Nilipotoka, korongo wanne wamesimama juu ya gari na wawili wanavuta gunia. Wamefuata harufu ya samaki. Gari si jeupe tena.

Ijumaa, Julai 11
Nimekubali kwenda kwa fundi. Selina, wa Mirongo. Nikamweleza kuwa kuna mhuni kanifanyia hujuma. Akachungulia, akauliza: "Baba, ulilifunika likiwa la moto?" Nikasema swali hilo halihusiani.

Akawasha injini kidogo tu, akazima, bomba likawa vuguvugu. Akakwangua kwa kipande cha ubao, akamalizia kwa stilwaya na sabuni. Kazi yote ilikuwa fupi kuliko maelezo yangu. Akanisihi nisifunike tena kitu cha moto kwa plastiki. Nikamjibu nilikuwa najua. Ekzosi inang'aa! Kazi ni yangu.

Jumamosi, Julai 12
Dorcas amefika. Nikampa shikamoo kwa sauti ya dereva. "Marahaba, shemeji," akasema, akazunguka gari, akainama nyuma, akanusa. Nikaanza kumweleza ugumu wa kulinda gari. Akaniambia nisijichoshe. Evelina amempigia simu kila jioni tangu Jumatatu, wakacheka mpaka machozi. Mke wangu mwenyewe!

Funguo kapewa Obedi. Eti mtu anayekimbilia maji kabla ya kuuliza maswali ndiye wa kukabidhiwa mayai. Nimekaa nyuma ya nyumba mpaka chakula kikapoa. Kilichoniuma zaidi si kazi. Obedi alinifuata, akanipa pole, na alimaanisha.

Jumapili, Julai 13
Nimetafakari ibadani. Kosa lilikuwa la turubai: jepesi mno. Naye Selina alizungumzia magari tu.

Evelina amebaki kanisani na kwaya, nami nimekaanga sato. Mara Obedi akabisha hodi, kaja kunisalimia. Wakati wa chakula! Nikaipua kikaango, nikakifunika kwa beseni jipya la plastiki, nikaja kuketi sebuleni. Nimemwambia leo nimefunga kwa maombi. Akasema vema, atafunga nami. Ameketi. Naandika ili aone nina shughuli.

Kuna harufu kali inatoka jikoni. Obedi ananiuliza kama naisikia. Nimemwambia mtu aliyefunga kwa dhati hasikii harufu.