Nani Aliipa Wrendell Jina

Jumatatu, 3 Juni 1996
Kampuni inaandika historia ya nyumba za Wrendell, hizi zinazojengwa kiwandani na kuvutwa kwa lori hadi kwa mwenyewe. Kitabu chenye picha! Na nani kaulizwa jina lilitoka wapi? Orlin, shemeji yangu, aliyefunga bawaba miaka thelathini na hakuna mlango wake hata mmoja unaofungika. Kasema alilibuni yeye. Mwongo! Ni dada yake, Verna, mke wangu. Mwaka 1962 alikuwa anashona mapazia ya nyumba ya kwanza. Wren, ndege mdogo wa kahawia, akaingia kupitia dirisha lisilo na kioo na kutua juu ya cherehani. Verna hakushona tena mpaka ndege alipoondoka mwenyewe, kisha akaipa nyumba jina la ndege huyo: Wrendell. Alifariki Februari. Hawezi kujitetea. Mimi nipo.

Jumanne, 4 Juni
Ushahidi sina. Utapatikana. Nyumba ile ya kwanza iko uani kwa Orlin. Anafugia bata! Kesho asubuhi atakuwa mnadani.

Jumatano, 5 Juni
Nimeingia. Bata wameninyea kiatu. Ndani ya kabati, ukutani, nimeandika kwa mwandiko wa marehemu: "Nimeipa jina Wrendell. Verna, 1962." V yake ilikuwa na mkia. Nimeuweka. Machozi yamenitoka kidogo. Vumbi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeileta uani kamati nzima ya kitabu. Marjean, katibu, kapiga picha. Wazee wa kiwandani wakachungulia. Orlin akagonga ukuta kwa kidole. "Shemeji, hii ni jasi. Sitini na mbili tulikuwa tunapigilia mbao. Jasi nimeiweka mwenyewe sabini na tisa, bomba lilipopasuka. Dada aliandika kabla ukuta haujazaliwa?" Wakacheka mpaka bata wakatawanyika. Mmoja akauliza kama marehemu kaacha na namba za bahati nasibu. Wapumbavu watupu.

Ijumaa, 7 Juni
Marjean kapiga simu. Niachane na kuta, niseme tu ninachokumbuka. Nikamsimulia ndege na cherehani. Alipomuuliza Orlin, akakiri: dada yake alimweleza hivyo hivyo siku ile ile, na yeye jina alilipeleka tu ofisini. Kulipeleka! Basi barua zangu za uchumba aliziandika tarishi. Verna kapewa nusu ukurasa, kwa jina lake.

Jumapili, 9 Juni
Nusu! Orlin kapewa picha nzima, na bata wake. Verna anastahili ukurasa kamili, na ukurasa kamili unataka ushahidi. Kwa muuza vitu chakavu nimepata ubao halisi wa 1962, nyuma una muhuri wa kiwanda. Hapo hawanipati! Nimeshaandika, mkia wa V umetoka vizuri kuliko mara ya kwanza. Kwa heshima yake nimetumia wino wa dhahabu, ule mpya unaometameta, uliotoka mwaka huu. Nani atatazama wino?