Sukari ya Muyinga na Mkono wa Happy

Jumatatu, 17 Februari 2025
Sukari imekwisha mtaa wetu wote wa Magarama, hapa Gitega! Duka kwa duka, hakuna. Na Ramadhani inakaribia. Jirani yangu Athumani, fundi cherehani, atafuturu kwa uji wa nini? Wa chumvi? Nimecheka mpaka mke wangu Anisia akauliza kama naumwa. Siumwi. Nimepata wazo. Muyinga, kule mpakani, sukari inavuka kutoka Tanzania, na mimi nimekulia Tanzania. Sukari ile ni ndugu yangu! Nitapeleka kuku wetu wanaotaga, nitarudi na gunia. Athumani atakuja kunibembeleza mlangoni.
Anisia akasema mayai ni ya Happy, binti yetu, ambaye hata miaka miwili hajatimiza. Nikamwambia mtoto wa tajiri hakosi mayai. Akanigeuzia mgongo. Amekubali.

Jumatano, 19 Februari
Muyinga. Esansi ya magari hakuna nchi nzima! Nimefika kwa lori, kwa baiskeli, na kwa miguu yangu mwenyewe. Kuku wamekonda kuliko mimi. Mfanyabiashara Husni amewapokea kwa huzuni, akasema sukari itavuka kesho. Nimefikia kwa baba mdogo Kastori. Tumekula mishikaki. Safari ina ugumu wake.

Jumatano, 26 Februari
Sukari itavuka kesho. Tangu nilipofika, itavuka kesho. Anisia amepiga simu. Happy ana homa, anaharisha, anakataa ugali wa muhogo. Akaniuliza ampe nini. Nikamwambia avumilie, utajiri uko njiani. Simu ikakatika. Mitandao ya siku hizi!

Jumapili, 2 Machi
Yampayinka, Mungu wangu! Nimepata sukari! Nimepoteza sukari!
Lori lilibeba mbuzi, mimi na gunia langu. Kabla ya kufika Gitega esansi ikaisha, mvua ikaanza. Si mvua ile, ni ghadhabu! Turubai lilifunika mbuzi tu, kwa sababu mbuzi wana mwenyewe. Nikalibeba gunia lisilowane chini, sukari ikayeyuka mgongoni kwangu. Mbuzi wakagundua kabla yangu. Wamenilamba mpaka masikio! Nimeingia Magarama na gunia tupu, mbuzi mmoja akinifuata kwa mapenzi, mwenye mbuzi akinifuata kwa fimbo. Athumani alikuwa mlangoni kwake. Hakucheka. Amefunga. Lakini mabega yalikuwa yanamtikisika.

Alhamisi, 6 Machi
Sijui niandike nini.
Hidaya, mke wa Athumani, ndiye mhamasishaji wa afya wa mtaa. Leo alipima mikono ya watoto kwa ule utepe wa rangi. Kijani, mtoto mzima. Manjano, hatari inakuja. Nyekundu, imefika. Nilimpeleka Happy mwenyewe, hadharani, ili Athumani aone jinsi ninavyolea. Yasmina wao, kijani. Nikamsogeza Happy.
Manjano.
Nikasema utepe umechakaa. Hidaya akapima tena.
“Baba Happy, utepe haina shida,” akasema polepole. “Mtoto iko na njaa. Mayai yake iko wapi?”
Mtaa mzima ukanigeukia. Mimi nikautazama ule mkono. Mkono gani huo! Kama kijiti cha kuchokolea meno! Naishi naye nyumba moja, namrusha juu kila asubuhi, na sikuona. Anisia alimchukua mtoto akaenda zake. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 14 Machi
Kituo cha afya kimetaka kina baba nao waje kujifunza kupika. Wamekuja kina baba wangapi? Mimi! Nakoroga uji wa mahindi, soya na karanga. Hidaya amefunga, hawezi kuonja, basi ananiamuru nionje mimi. Ndagala, wale dagaa wetu, wanasagwa, wanatiwa kwenye maharage. Nimeshangaa. Nilidhani lishe inatoka Ulaya kwenye pakiti. Kumbe inauzwa sokoni kwetu, chini kabisa, karibu na viatu!
Happy alimaliza bakuli akalilia sufuria. Anisia amenisemesha kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya utepe. Ameniambia nisogee.

Jumatano, 2 Aprili
Happy kijani! Hidaya amepima leo, nikamwomba apime tena, kijani tena! Nimelia mbele ya watu. Athumani akanishika bega, akaniita ndugu. Nikanyoosha mkono nikaapa mbele ya wote: chakula cha mtoto hakitatoka tena nyumbani kwangu.
Mchana baba mdogo Kastori akapiga simu. Muyinga esansi imevuka, na mwenye esansi anataka maharage. Maharage! Jana tu shemeji Longino alituletea gunia zima kutoka Buraza, la Happy. Nimefikiri kwa makini sana, maana sasa mimi ni mtu mzima niliyefunzwa na maisha. Na nimeona tofauti kubwa: maharage hayayeyuki.
Shida ni moja tu. Anisia ameketi juu ya gunia, anamsuka Happy. Nimemuuliza atamaliza saa ngapi. Amesema nitasubiri sana.
Sawa. Kichwa cha mtoto ni kidogo.