Mito Kumi na Miwili ya Padri Ildefonsi

Jumatatu, 23 Juni

Kikao cha familia. Ajenda moja tu: cherehani ya marehemu mama. Mdogo wangu Irakoze ametoka Nyakitonto na pikipiki asubuhi na mapema, amevaa uso wa huruma, anataka kuibeba. Anadai mama alimfundisha kushona yeye, siyo mimi. Ni kweli. Lakini mzaliwa wa kwanza ni nani? Niliuliza mara tatu. Hakuna aliyejibu, maana yake wamekubali.

Mama alikuwa anashona zawadi tu. Hakuuza hata pindo. Mtoto akizaliwa, mbeleko. Msichana akiolewa, foronya. Nusu ya Kasulu inalalia foronya za mama Ininahazwe. Tangu afariki mwaka jana, cherehani iko sebuleni kwangu. Naiwekea redio juu.

Baba Mdogo Niyomwungere, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, alisikiliza amefumba macho (nadhani alisinzia), kisha akakata shauri. Jumapili ya tarehe 6 Padri Ildefonsi anatimiza miaka ishirini na mitano ya upadre. Nimshonee zawadi, kwa mikono yangu mwenyewe. Ikifaa, cherehani ibaki kwangu. Isipofaa, Irakoze aondoke nayo siku hiyohiyo.

Kushona! Kazi ya kukanyaga pedali! Mimi nina kibanda cha fotokopi, nimezoea mashine zenye akili. Irakoze akacheka kidogo kwenye kiganja. Acheke tu.

Jumanne, 24 Juni

Mpango wa kwanza: Renatus, fundi wa sokoni, ashone, mimi nipeleke. Mikono itakayoibeba si yangu? Renatus kakataa. Eti Baba Mdogo alishapita kumwonya. Mzee goti linamuuma mwaka wa tatu sasa, lakini kwenye fitina anakimbia!

Tena Renatus amezidiwa na sare za jubilei. Parokia nzima inashona kitenge kimoja, cha buluu, chenye sura ya Padri ndani ya duara, kubwa kama sahani ya wali. Hapo ndipo nikaona kitu. Chini ya meza yake kuna gunia limejaa sura za Padri. Akina mama wamemwagiza akate kila sura inayoangukia nyuma ya sketi. Nikauliza kwa nini. Akaniangalia, akasema hawataki tu.

Watu hawana akili! Unanunua kitambaa chenye baraka, halafu baraka yenyewe unaikata, unamwachia fundi afutie mashine. Nikaomba gunia zima, akanipa.

Mito. Mito ya kukalia! Viti vya nyumba ya mapadri ni mbao tupu, nimeshavikalia, naijua adhabu yake. Mito kumi na miwili, idadi ya mitume, na sura ya Padri katikati ya kila mto. Irakoze ajiandae kurudi mikono mitupu.

Alhamisi, 26 Juni

Jirani yangu Lusajo. Mwalimu wa chuo, mtu wa Mbeya, serikali ilimleta huku miaka minne iliyopita. Jioni wenzake wanakwenda kuangalia mpira, yeye anashona. Mwanaume mzima! Aproni, vifuko vya chaki, vitambaa vya kushikia sufuria. Anawagawia walimu wenzake kwenye siku zao za kuzaliwa. Anasema inampumzisha akili. Sikujua kama huwa inachoka.

Nilimwita anipe darasa la dakika tano. Kosa kubwa. Kakaa saa mbili. Fua kitambaa kwanza, kisije kikarudi. Piga pasi. Pima mara mbili, chora kwa chaki, bana na pini, kanyaga polepole. Ukikosea, fumua bila hasira. Eti raha ya zawadi ya kushona ni kwamba muda wote unaposhona unamfikiria mtu wako, ataiweka wapi, ataitumiaje. Nikapiga miayo miwili, wa pili kwa makusudi. Hayo ni maneno ya watu wasio na televisheni.

Nikamsindikiza mlangoni, nikaanza kazi. Matokeo ya siku: uzi umekatika mara tisa. Mkanda umechomoka. Kidole cha shahada kimeshonwa. Mto mmoja umekamilika. Una kona tano.

Jumamosi, 28 Juni

Kona nne! Nimepiga hatua.

Tatizo jipya, cha kujazia. Sokoni sponji hakuna, waliochukua ni watu wa harusi. Nimezunguka mji mzima. Nimerudi nimechoka, nimejitupa kitandani, na jibu likanijia hapohapo mgongoni. Godoro langu lina inchi nane. Mtu mmoja anahitaji inchi nane za nini? Nimekata upande wa miguu. Miguu haina usingizi wake peke yake.

Jumapili, 29 Juni

Nimepata wazo wakati wa mahubiri. Sura pande zote mbili! Mtu akigeuza mto, asimkose Padri. Na sura zipo za kumwaga.

Lusajo asingewahi kuwaza hivyo hata kwa miaka ishirini ya aproni.

Jumanne, 1 Julai

Irakoze kaja, kisingizio eti ananiletea maharage. Mpelelezi! Akaikuta mito saba nimeipanga kwenye kochi. Akauliza kwa sauti ya chini kama ni ya kuegemea au ya kukalia. Nikamwambia ya kukalia. Akageuza mmoja. Akaona upande wa pili. Mana yanje, Mungu wangu, akasema, kisha akaniomba kaka nifikirie tena.

Wivu! Umemkaa kooni kabisa. Nikamwambia nimeshafikiria, ndiyo maana iko pande zote mbili.

Akaurudisha mto kwenye kochi. Akakaa kwenye cherehani, akaitia mafuta, akakaza mkanda, akakanyaga. Nilikuwa jikoni. Ile sauti yake, haraka, haikwami, kama ilivyokuwa inasikika tukitoka shule. Nilijikuta nimesimama na mwiko mkononi nikisubiri mama aniite nikamtungie uzi kwenye sindano, maana macho yake yalikuwa yameshachoka. Nilisimama hadi maharage yakaungua. Macho yangu yaliwasha. Moshi huo.

Niliporudi sebuleni nikamfumania Irakoze na tepu anapima mto wangu, urefu na upana. Anaiga! Nikaufunika kwa gazeti.

Ijumaa, 4 Julai

Kumi na miwili! Godoro limekwisha lote. Nalala kwenye chaga, nimetandika gunia la Renatus. Mgongo una mistari. Hata mitume waliteseka.

Lusajo akaja kuangalia. Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akawa na sura ya msibani. Akauliza kama nilimfikiria Padri wakati nashona. Nikamjibu nimemfikiria mara ishirini na nne, ahesabu. Akasema basi nifikirie watu, watakavyofika kwenye viti, na kitu gani chao kitagusa uso wa Padri. Nikamwambia kitagusa sponji safi ya inchi nane. Akajitolea kesho tufumue wote wawili kutwa nzima, sura ziwe pambo la ukutani.

Nifumue! Nikamwambia akafumue aproni zake. Najua mchezo huu. Anamsaidia Irakoze.

Jumapili, 6 Julai

Siku yenyewe. Nimetangulia kabla ya misa, nikapanga mito mwenyewe kwenye viti vya meza kuu, chini ya turubai. Mapadri kumi na wawili wanatabasamu wakiangalia juu. Nilisikia fahari hadi masikioni.

Misa ikaisha, wageni wakaja mezani. Wa kwanza Sista Theodosia, kutoka Kabanga. Akainama akae, akatupa jicho nyuma, akasimama ghafla. Akajikunyata. Akageuza mto. Padri. Akageuza tena, sijui alitegemea nini. Padri. Akafanya ishara ya msalaba, akabaki amesimama nyuma ya kiti. Wa pili akafanya vilevile. Wa tatu, wa nne, wote.

Kuiondoa je? Wengine walijaribu. Wakaishika mikononi hawajui waiweke wapi. Chini, kwenye vumbi? Uso wa Padri? Ikarudishwa kwenye viti haraka. Baba Mdogo naye alikuwa na kiti meza kuu. Alikumbatia mto wake kifuani, goti linatetemeka.

Umati uliokuwa umeshakaa ukaona meza kuu imesimama, nao ukasimama. Walidhani ni sala. Watu kama mia nne, juani, wameinamisha vichwa. Pilau linapoa. Mshereheshaji, yule msema chochote, hana cha kusema.

Padri Ildefonsi akafika, akauliza mbona mmesimama. Wakamwonyesha kiti chake. Akajitazama. Akauliza nani kashona. Nikanyoosha mkono kabla sijatajwa. Padri akasema miaka ishirini na mitano waumini wamemkalia kichwani, leo wameamua wahamie usoni. Watu wakacheka hadi turubai likatikisika. Nikajua amependa! Lakini naye hakukaa.

Hapo Irakoze akanyanyuka upande wa akina mama na kikapu. Ndani yake foronya nyeupe kumi na mbili, zimetariziwa majani ya maharage pembeni, na kamba za kufungia nyuma kama alivyokuwa anafunga mama. Kashona kwa mkono, nyumbani kwake, bila cherehani. Zikaingia kwenye mito yangu bila kupwaya hata kidole. Kumbe ndiyo ile tepu! Watu wote wakakaa, pumzi zikawatoka kwa pamoja. Padri akajidundisha kidogo, akasema mto ni laini sana, una nini ndani. Nikasema godoro langu.

Baba Mdogo akaniangalia muda mrefu. Nilidhani anatafuta neno la kunisifu. Akasema cherehani iende.

Foronya nyeupe! Kitu cha kawaida kabisa! Bila mito yangu angefunika nini? Nilimuuliza Baba Mdogo hivyo. Akasema ego, ndiyo, na bila foronya zake wewe ungekalisha nani.

Saa kumi na moja jioni cherehani ikapakiwa. Kichwa kwenye pikipiki moja, meza na pedali kwenye nyingine. Irakoze machozi yanamlenga. Akasema niende kila Jumamosi Nyakitonto, atanifundisha, mama angefurahi. Nikamjibu mkubwa hafundishwi na mdogo wake. Pikipiki zikaondoka.

Sebuleni kuna alama nne za miguu ya cherehani kwenye sementi. Redio haina pa kukaa. Sikuitaka kwa ajili ya kushona. Nilitaka tu iwepo. Nimelia. Naandika kwa sababu daftari hili hasomi mtu.

Jumatatu, 7 Julai

Kibanda sikufungua. Mgongo, na mengine.

Jioni Lusajo kabisha hodi na furushi. Kanishonea godoro. Kweli! Kaunganisha vipande vyote vya nguo alivyokuwa navyo, kajaza mabaki ya miezi mingi, kalipima kwa kitanda changu siku ile alipokuja kuchungulia mito. Anasema aliwaza chaga zile siku tatu.

Mshono wa upande mmoja umepinda. Nimemwonyesha. Akasema kweli, umepinda, atafumua nikitaka. Nikamwambia aache.

Jumanne, 8 Julai

Nimelala vizuri sana. Lusajo asijue.

Jumatano, 9 Julai

Akili imerudi. Nimekaa nikachambua kilichotokea, bila upendeleo.

Kwanza, mshono haukulaumiwa na mtu. Pili, ulaini umesifiwa na Padri mwenyewe, mbele ya mashahidi mia nne. Tatu, sura haina kosa, mbona wamevaa sare yake kifuani? Kosa lilikuwa moja tu. Kukaa. Watu wa huku hawataki kukaa. Sawa. Lusajo na Irakoze wangesema hivyo tangu mwanzo badala ya kuzungukazunguka.

Nimekung'uta gunia la Renatus. Zimebaki sura tisa, nzima kabisa.

Jumamosi naenda Nyakitonto. Siyo kufundishwa! Naenda kumwelekeza Irakoze. Yeye akanyage, mimi nitakaa pembeni nisikilize kama inakwenda sawasawa. Nitamtungia na uzi kwenye sindano, ana haraka sana yule.

Tunashona mazulia ya mlangoni. Tisa, kwa milango yote ya nyumba ya mapadri, na magunia chini yadumu. Kila mgeni atapokelewa na Padri Ildefonsi kabla hata ya kubisha hodi. Na safari hii hakuna atakayeombwa kukaa. Watafuta miguu tu, waingie.