Kikombe Juu ya Kitufe Chekundu

Jumatatu, 3 Novemba

Mwaka wa nne sasa tangu niage nyumbani. Niliaga kwa miezi sita.

Leo mashine imeingia karakanani. Ya leza, ya kukatia mbao nene. Ndefu kama jeneza la watu wawili. Tumeisukuma hadi kwenye chumba cha pembeni sote tunaoishi chini ya paa hili: mimi kibarua, Cheche mchomeleaji, na Dada wa Makochi anayeshona viti. Wao walisukuma kwa mikono. Mimi kwa mgongo, nao bado unalia.

Mama Mkubwa, mwenye karakana, katukusanya. Kasema mwale wa kitu hiki hauonekani kwa macho, lakini macho unayaona vizuri sana, na utayaunguza kabla hujapepesa. Chumba kizibwe kila ufa. Mlango uwekewe swichi: ukifunguliwa tu, mwale ukatike. Moshi upande kwa bomba mpaka nje juu ya paa. Na kile kitufe chekundu, cha kuzimia mambo yakiharibika, kisifunikwe na chochote. Ijumaa mkaguzi anakuja. Mimi na Cheche tuiandae. Atakayefanya kazi safi atakabidhiwa ufunguo na kuajiriwa rasmi. Mwajiriwa ana likizo Desemba. Kibarua hana likizo. Kibarua akiondoka, ndiyo kaondoka.

Jioni dada yangu kapiga simu. Macho ya mama yanazidi kufifia. Mama kampokonya simu: mwanangu, njoo nikuone ningali naona. Nikamwambia nimeshaajiriwa, Desemba nipo mlangoni. Kapiga kigelegele mpaka kikageuka kikohozi.

Basi imeshakuwa hivyo. Cheche lazima anipishe.

Jumanne, 4 Novemba

Tumegawana kazi. Cheche kuta, mimi bomba na mlango.

Cheche kajifungia ndani na tochi, kaniomba nisimame nje gizani nimwambie mwanga unapenyea wapi. Mtu mzima kuchungulia nyufa kama mbea! Nimesimama kidogo, nikasema hakuna, nikaondoka. Katoka, kazitafuta mwenyewe. Kakuta saba. Kaziba zote bila kusema neno. Namchukia mtu asiyesema neno.

Bomba la kufika paani linataka ngazi, msumeno na siku nzima. Lakini nyuma ya ukuta kuna stoo ya Dada wa Makochi, ya masponji na vitambaa. Nani anaingia stoo? Nimetoboa tundu, nimechomeka bomba, nimerundika magunia mbele. Mchana nilikuwa nimemaliza, Cheche bado anahangaika na nyufa zake. Nimekunywa chai mahali anaponiona.

Jumatano, 5 Novemba

Hujuma! Kila nikiwasha mashine niijaribu, Cheche anafungua mlango, inazima. Nawasha, anabonyeza kitufe chekundu, inazima. Ati anakagua kama vinafanya kazi. Nimemwambia hata mtoto mchanga haamshwi hivyo.

Jioni alipokwenda kula, nimeifunga swichi ya mlango kwa utepe mweusi. Sasa mlango wazi, mashine inanguruma tu. Kitufe nimekifunika kwa kikombe changu cha bati, nikakigandisha kwa gundi ya mbao. Aje sasa aniharibie! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Cheche zimeshaanza kupungua.

Miwani ya kinga imeletwa moja tu, naye kaivaa. Mimi nimenunua nyeusi kwa mchuuzi wa barabarani. Imenipendeza. Cheche kaitazama, kasema ndugu yangu, hiyo itakukinga na wanaokudai, si na mwale. Dada wa Makochi kacheka mpaka sindano ikamchoma. Kaniambia nami nijiangalie, mkamia maji hayanywi. Ijumaa watanijua.

Ijumaa, 7 Novemba

Sijui nianzie wapi. Jana kutwa Cheche alitumwa kununua mbao, hakuuona utepe wala kikombe.

Mkaguzi kaja, kavaa miwani yake mwenyewe. Nimemwahi Cheche, nikawasha mimi. Ubao unakatika kama siagi! Mama Mkubwa kaanza kutabasamu. Mkaguzi kafungua mlango, aone mwale ukikatika.

Haukukatika.

Kanyoosha mkono kwenye kitufe, kashika kikombe. Kavuta. Gundi ile ni nzuri mno. Ndani ubao umeshika moto. Hapo mlango wa stoo ukafunguka, akatoka Dada wa Makochi, mweusi kuanzia nywele hadi viatu, anakohoa na kunitukania ukoo. Kumbe kila mchana anaingia humo kujinyoosha mgongo. Nani angejua?

Mimi nimesimama pale pale, mbele ya mlango wazi, na miwani yangu ya mchuuzi. Cheche kavua yake, kanivalisha kwa nguvu, kageuza uso ukutani, akapapasa kwa mkono mpaka akaipata swichi kubwa ya umeme. Giza. Kimya. Mtungi wa kuzimia moto ukamalizia.

Hakuna aliyeumia. Lakini nimemwelewa Cheche. Alifanya vile ili mkaguzi amwone.

Jumamosi, 8 Novemba

Ufunguo kapewa Cheche. Mimi nimepewa ufagio.

Jioni kaja kukaa ukingoni mwa kitanda changu. Kasema yeye kwao hakuna tena wa kumngoja, wazazi alishawazika. Kasikia habari za mama yangu. Ataongea na Mama Mkubwa likizo yake ya Desemba niichukue mimi, na nikirudi nikute kazi yangu. Ila kesho nimwombe radhi Dada wa Makochi, kisha tupande wote paani tuliweke bomba inavyopasa.

Nimemtazama sana. Mtu hatoi safari ya nyumbani bure. Nikipanda ngazi ile, nimekiri kosa. Nikienda nyumbani, nakwenda kwa hisani ya Cheche, na mama nilimwambia nimeajiriwa. Nimemwambia asante, nina mipango yangu. Kasema macho hayangoji mipango, ndugu yangu. Kaenda kulala.

Ameshindwa kunitega!

Jumapili, 9 Novemba

Cheche kapanda paani peke yake. Nimemsikia akigonga mchana kutwa.

Dada yangu kapiga simu. Mama sasa anawatambua watu kwa sauti, na kwa nguo ikiwa nyeupe. Kauliza Desemba tarehe ngapi. Nimesema kazini wananitegemea mno, lakini inakuja mashine ya pili, kubwa zaidi, na hiyo ni yangu. Nitafika mwezi wa nne bila kukosa, nitavaa shati jeupe. Mwambie mama asiyachoshe macho kabla ya hapo.

Kikombe nimekibandua, nimekisugua. Hakina hata ufa. Mashine ya pili ikija, kitafaa tena.